Mawasiliano au kriminolojia? Tuzilinganishe kabla hujabonyeza kwa potali ya KUCCPS

Kila potali ya KUCCPS, wale wa kupanga wanafunzi vyuoni, ikifunguliwa kuna swali haliishi, na linaulizwa sana na wale wamepata C+ mpaka B, sayansi hazikukaa vizuri, ualimu hawautaki, klasta ya sheria (zile alama za masomo zinazohitajika kwa kozi) imegoma, sasa wamebaki na kozi mbili kwa skrini: mawasiliano na media huku, kriminolojia na masomo ya usalama kule. Afu unapata mtu anachagua kwa jina tu. Ya kwanza inasikika kama TV, ya pili inasikika kama upelelezi, basi anabonyeza anaenda kulala. Ni miaka minne hiyo mdogo wangu, na deni la HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, juu yake, kwa hivyo hebu tuiongee vizuri.

Mimi ni mwandishi wa habari na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa kortini, kwa hivyo watu wa pande zote mbili nawaona kazini kwa chumba kimoja, sisi na madaftari benchi ya nyuma, na kule mbele maafisa wa probeshoni, waendesha mashtaka, polisi wa korti, askari jela. Naheshimu hizi kazi zote mbili na inaniuma kuona mtoto mwerevu akiingia moja akidhani ni kitu kingine kabisa.

Nianze na lile naona ndilo kubwa. Darasani hizi kozi hazijaachana vile watu wanafikiria, zote ni za sanaa na sayansi za jamii, zote miaka minne, zote zina utafiti na takwimu ndani, zote zinakudai uandike sana. Zinaachana mlangoni, pale unatoka na digrii unatafuta kazi. Mlango wa media unafunguliwa na vile umeshatengeneza, stori, sauti, video, picha, kampeni ya kampuni fulani, na unaweza kuanza kuugonga ukiwa mwaka wa kwanza. Mlango wa kriminolojia kwa sehemu kubwa umeshikwa na serikali, unafunguliwa wakati nafasi zimetangazwa, na siku hiyo mnakuwa wengi mno hapo nje. Hiyo ndo tofauti inafaa ikusumbue akili kabla ya jina la kozi.

Darasani unasoma nini

Mawasiliano mwaka wa kwanza utapitia zile yuniti za kila mtu, ustadi wa mawasiliano, kompyuta, utangulizi wa vyombo vya habari. Mwaka wa pili na wa tatu ndo mambo yanakolea, kuandika habari, kuhariri, redio, televisheni, upigaji picha, uhusiano mwema, matangazo ya biashara, sheria na maadili ya habari, nadharia. Mahali fulani katikati utaambiwa uchague tawi, utangazaji au magazeti na dijitali au PR (huo uhusiano mwema) au filamu, inategemea yuni. Hapo tulia. Wengi wanakimbilia utangazaji kwa sababu ndio unaonekana, lakini ukiangalia ni nani anaajiri, PR ndio imetapakaa zaidi, benki inataka, hospitali inataka, NGO inataka, na tangu serikali za kaunti zianze 2013 kuna kaunti 47 na kila moja inahitaji watu wa mawasiliano.

Kriminolojia inaanza na sosholojia na saikolojia, kwa nini mtu anavunja sheria, kwa nini mtaa huu una wizi wa simu na ule wa jirani hauna, afu inaingia sheria ya jinai, sheria ya ushahidi, magereza na urekebishaji, watoto waliokosana na sheria, waathiriwa wa uhalifu, ulinzi wa kampuni, ugaidi, na msingi wa sayansi ya uchunguzi. Nasisitiza ni msingi. Hautatoka hapo ukiwa mtu wa kupima DNA. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ilizinduliwa maabara ya kitaifa ya uchunguzi pale makao makuu yake barabara ya Kiambu mwaka 2022 na najua kuna watoto wanaitazama ile maabara wakichagua kriminolojia, ila wanaokaa kwa zile mashine wanatoka kemia, bayolojia, bayokemia na digrii za sayansi ya uchunguzi zenyewe. Kama hiyo ndo ndoto na ulipata alama nzuri za sayansi, usipite hapa, nenda huko moja kwa moja.

Kitu kinanifurahisha ni kwamba kozi zote mbili zitakupeleka kwa katiba ya 2010, ila kurasa tofauti. Wa media anakaa na vifungu vya 33, 34 na 35, uhuru wa kujieleza, uhuru wa vyombo vya habari, haki ya kupata habari. Wa kriminolojia anakaa na 49, 50 na 51, haki za mtu aliyekamatwa, kesi ya haki, haki za walio kizuizini. Wewe soma hivyo vifungu sita jioni moja tu, ni kurasa chache, na uone ni vipi vinakufanya utake kuuliza maswali. Naona hicho kipimo kinaambia mtu ukweli kuliko majaribio ya kuchagua kazi ya huko mtandaoni.

Ndoto tatu ambazo kriminolojia haikupi yenyewe

Ya kwanza ni polisi. Kuingia polisi kama konstebo hauhitaji digrii hata kidogo, masharti ambayo yamekuwa yakitangazwa ni KCSE ya D+ na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, umri 18 hadi 28, urefu futi 5 na inchi 8 kwa mwanaume na futi 5 na inchi 3 kwa mwanamke, mbio, meno, macho, basi. Uwanjani pale siku ya kuajiri mwenye digrii na mwenye D+ wanakimbia pamoja. Na usidhani ukishaingia digrii itakupandisha mshahara yenyewe, mwaka 2018 makonstebo waliosoma hadi chuo kikuu waliondolewa malipo ya daraja la inspekta waliyokuwa wakipata, wakaishia kupigania mahakamani. Njia ambayo digrii inasaidia kweli ni ile ya ukadeti, unaingia ukifunzwa kuwa inspekta, lakini nafasi hizo ni chache na hazitangazwi kila mwaka, na hazibagui digrii vile unafikiria, mtu wa kozi nyingine pia anaweza kuomba.

Ya pili ni upelelezi wa DCI. Hakuna mlango wa kutoka yuni ukaingia DCI ukapewa koti na faili. Wapelelezi wanachukuliwa kutoka ndani ya polisi, unaanza polisi, unafanya kazi ya kawaida, ndo unachaguliwa kwenda kufunzwa upelelezi. Kwa hivyo urefu na mbio zile bado zinakungoja.

Ya tatu ndio inaumiza wazazi wengi, uwakili. Kuna wazee huko mashinani wanaambia majirani mtoto wangu anasomea mambo ya jinai atakuwa wakili. Hapana mzazi. Wakili ni yule amesoma LLB, digrii ya sheria, afu akapita Kenya School of Law kule Karen afu akaapishwa. Mtoto wa kriminolojia anaisoma sheria ya jinai, anaijua Penal Code, anajua Criminal Procedure Code, lakini hawezi kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu, na hawezi kuwa mwendesha mashtaka kwa ODPP, ofisi ya mashtaka ya umma, kwa hiyo digrii. Kama ni uwakili unaotaka, ongea na mwalimu wako kuhusu LLB mapema, usiingie kriminolojia ukisema utageuza mbele kwa mbele.

Sasa kazi yenyewe ni gani?

Hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ndio kazi watu hawaijui na ni kazi nzuri sana. Afisa wa probeshoni. Mtu amepatikana na hatia, hakimu kabla ya kumhukumu anasema naomba ripoti ya probeshoni, kesi inaahirishwa. Yule afisa anatoka anaenda nyumbani kwa mshtakiwa, anaongea na mama, na chifu, na jirani, na aliyeibiwa, anauliza huyu kijana ni nani, alianzia wapi, akirudi hapa mtampokea ama mtamchoma. Anarudi anaandika kurasa kadhaa na anapendekeza. Nimeona hakimu akibadilisha kabisa mwelekeo wa hukumu baada ya kusoma hizo kurasa. Tangu 1998 kuna sheria ya huduma kwa jamii ambayo inaruhusu mtu ambaye angefungwa miaka 3 au chini afanye kazi za umma badala ya jela, na hao wanaomsimamia ni probeshoni. Na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu kwa kesi ya Muruatetu Desemba 2017, ile ya kusema hukumu ya kifo kwa mauaji haiwezi kuwa ya lazima, wafungwa wengi walirudi kortini kusikizwa upya kuhusu hukumu, na ripoti za probeshoni zikawa kitu cha maana sana kwa hizo kesi.

Upande wa watoto ni hivyo hivyo. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na inasukuma kesi za watoto zitatuliwe nje ya korti pale inawezekana, sasa kazi hiyo inafanywa na nani kama si watu wamesoma haya mambo? Kuna taasisi za borstal, zile za kurekebisha vijana waliohukumiwa, Shimo la Tewa huku Pwani, Shikusa kule Kakamega, na Kamae ya wasichana. Kuna magereza yenyewe, na nafasi za juu kule zinataka digrii. Kuna IPOA inayochunguza polisi, kuna EACC ya kupambana na ufisadi, kuna taasisi ya utafiti wa uhalifu, National Crime Research Centre.

Nje ya serikali kuna benki na bima, vitengo vya ulaghai, kampuni za simu na pesa za kwa simu, hoteli kubwa za Pwani, viwanja vya ndege, mashirika ya UN kule Gigiri. Hapa digrii peke yake haitoshi, wanaokwenda mbele mara nyingi wameongeza kitu juu, kama cheti cha CFE cha wachunguzi wa ulaghai, au ujuzi wa kompyuta na data, au uhasibu kidogo. Kriminolojia pamoja na Excel safi na kuandika ripoti iliyonyooka, huyo mtu anaajirika. Kriminolojia na maneno mengi tu, atakaa nyumbani akingoja gazeti la Jumanne litangaze.

Na media?

Media nitaongea wazi kwa sababu ni nyumbani kwangu. Vyumba vya habari vikubwa vimekuwa vikipunguza watu mara kwa mara miaka hii, matangazo ya biashara yamehamia Google na Facebook na hayarudi. Ripota wengi mashinani ni wa kulipwa kwa stori, stori ikikosa kutumika hakuna pesa, na nauli ya kwenda kuitafuta umetoa mfukoni mwako. Hiyo lazima uijue kabla hujaingia, mzazi naye aijue, ndo mtoto akikaa miezi bila mshahara wa maana asionekane mvivu.

Lakini ona upande wa pili. Hii ndio kozi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuwa analipwa tayari, anapiga picha za harusi, anaendesha kurasa za duka la mtu Instagram, anahariri video, anasoma matangazo kwa redio ya mtaani, anatafsiri. Na hauhitaji ruhusa ya mtu kuanza. Kiswahili pia, jamani, watu wanakidharau shuleni na hali ndicho kinawalisha watu, Radio Citizen, Radio Maisha, Taifa Leo, BBC Swahili wana watu Nairobi, DW wana matangazo ya Kiswahili, na NGO zote zinazofanya kazi vijijini zinataka mtu wa kuandika Kiswahili ambacho mama wa Kwale ataelewa. Kama ulipata A ya Kiswahili na kila mtu anakuambia utafundisha tu, mimi nakuambia kuna kazi huku.

Shida ninayoiona kwa wanafunzi wa mawasiliano wanaokuja atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ni moja, wengi wanafika mwaka wa tatu hawajawahi kuchapisha kitu chochote. Transkripti safi, nadharia wanazijua, ukimwambia nionyeshe kazi yako anakosa. Na mhariri hataki kuona transkripti yako, anataka kuona stori tatu ulizoandika na akuulize ulimpataje huyo mtu aliyekuambia hivyo. Kwa hivyo ukichagua mawasiliano, anza kuandika wiki ya kwanza, hata kama ni gazeti la chuo, hata kama ni blogu ya wewe na marafiki wako. Kadi ya waandishi kutoka Baraza la Vyombo vya Habari utachukua baadaye na inafanywa upya kila mwaka, hiyo si ngumu. Kilicho kigumu ni kuwa na kitu cha kuonyesha.

Mtu wa kriminolojia yeye anachohitaji kuonyesha ni tofauti, ni mahali alipofanya atachimenti na ni nani anaweza kumsemea. Kwa hivyo yeye aombe mapema ofisi za probeshoni, magereza, idara ya watoto, na asikubali miezi mitatu ya kupiga fotokopi. Pia ajilinde jina lake, cheti cha mwenendo mwema cha DCI kitaombwa karibu kila mahali, ujinga mdogo wa mwaka wa kwanza unaweza kumfungia mlango.

Pesa

Hizi zote ni kozi za sanaa kwa hivyo karo yake kwa yuni za umma si kama ya udaktari au uhandisi. Kwa mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unawekwa kwa kundi kulingana na hali ya nyumbani, unapata ufadhili na mkopo, na kama umeenda yuni ya kibinafsi unaangalia mkopo peke yake, hiyo nayo watu wanaisahau wakiona jina zuri la chuo. Gharama iliyojificha ni ya media, laptopu ya kuhariri video, simu nzuri, kamera, bando. Kriminolojia hakuna vifaa, ni vitabu na nauli.

Wapi

Kwa mawasiliano, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza uandishi wa habari tangu 1970 na waliotoka huko wako kila chumba cha habari, hiyo mitandao ya watu ina maana. Daystar wana sifa ya siku nyingi na wana redio yao Shine FM ambako mwanafunzi anagusa mashine. Moi, Maseno, Multimedia kule Rongai, zote zina kozi. Na kama hukufika C+ usilie, KIMC, chuo cha serikali cha mawasiliano, ipo tangu 1961, inatoa diploma, na inafunza mikono kuliko yuni nyingi.

Kwa kriminolojia angalia Masinde Muliro kule Kakamega, Egerton, Dedan Kimathi kule Nyeri. USIU wao wanaiita masomo ya haki jinai na mtindo wao ni wa Kimarekani, ila ni ya kibinafsi, fikiria karo kwanza. Majina ya kozi yanabadilika badilika, usalama, urekebishaji, kriminolojia, haki jinai, kwa hivyo usisome jina, fungua orodha ya yuniti. Ikiwa imejaa ulinzi wa kampuni hiyo inakupeleka sekta binafsi, ikiwa imejaa saikolojia, watoto na urekebishaji inakupeleka probeshoni na magereza. Na hakikisha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha hiyo programu pale hasa, kwa kampasi hiyo.

Sasa wewe ni yupi

Kama unaweza kukaa na mtu ambaye amefanya jambo baya sana na bado ukataka kujua imefikaje hapo, kama una subira ya faili na ofisi za serikali, kama kungoja nafasi itangazwe hakutakuvunja, weka kriminolojia juu. Na jiandae kuongeza cheti kingine ukiwa mwaka wa tatu, usingoje kumaliza.

Kama wewe ukiona kitu lazima umwambie mtu, kama unaandika bila kuambiwa, kama kukataliwa na mhariri leo hakukuzuii kumpelekea stori nyingine kesho, weka mawasiliano juu, na uangalie PR pia hata kama moyo uko kwa TV.

Kama unavutwa na zote mbili kwa usawa, mimi ningekuambia soma mawasiliano, afu uchukue yuniti za hiari za sheria na sosholojia, kwa sababu mwandishi anayeelewa mahakama ni adimu sana na wahariri wanamtafuta, halafu masters ya kriminolojia bado iko ukitaka kuvuka. Kuvuka kutoka upande ule kuja huku pia kunawezekana lakini utakuja bila kazi za kuonyesha, utaanza nyuma ya watoto wadogo kwako.

Kama unachagua kriminolojia kwa sababu tu unataka kuwa polisi, na urefu unatosha, na umri uko, jaribu siku ya kuajiri kwanza. Ukichukuliwa unaweza kuisoma hiyo digrii ukiwa kazini, wako wengi wanafanya hivyo.

Na ukishapelekwa kozi usiyoitaka, KUCCPS huwa wanafungua dirisha la kuhama kati ya vyuo, ila cheki kabla kama alama zako za klasta zinafikia kozi unayohamia kwa mwaka wako, na uombe siku za mwanzo kwa sababu nafasi zinajaa na dirisha halikai wazi muda mrefu.